Kisicho na Mahali

Kiti cha wageni kilikuwa na joto.

Dilcia Cuevas alikigusa bila kukusudia, Jumatatu asubuhi, akikisogeza apate kufungua dirisha. Mlango ulifungwa tangu Ijumaa, na ufunguo alikuwa nao yeye. Hata hivyo ngozi ya plastiki ya kile kiti ilikuwa na joto la mtu, kama kiti cha basi anapoinuka abiria mnene nawe ukakaa papo hapo. Akaweka kiganja tena. Joto lipo.

"Milcíades, ulikuja hapa jana?"

Mkuu wake alikuwa mlangoni, tumbo limemtangulia, kahawa mkononi. "Jana mimi nilikuwa uwanjani, besiboli mbele, bia pembeni. Nije huku kwa wafu kwa mapenzi gani, mama?"

Chumba chao kilikuwa nyuma ya wodi ya kansa, katika hospitali moja ya mji wa Barahona, nchi jirani na Haiti. Kazi yao ilikuwa kusoma maneno ya madaktari na kuupa kila ugonjwa namba yake: titi lina namba yake, ini lina yake, mfupa una yake. Na iko namba moja ya kansa iliyokwisha kutapakaa mwilini, madaktari wakapekua wasijue ilianzia wapi. Hiyo husema tu kwamba mahali hapajulikani. Milcíades aliiita namba ya yatima, na kila ikimpitia alipiga ishara ya msalaba, nusu mzaha nusu kweli.

Ijumaa ile walikuwa wamempa namba hiyo Ilfrène, mkata miwa mzee kutoka Haiti, aliyefia wodini akiwa amebaki mifupa na macho. Mjane wake, Roselène, alikuja na kitambaa cheusi kichwani, akakaa katika kiti kile cha wageni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nakuomba mwandikie mahali."

"Daktari hakuona mahali, mama yangu. Mimi naandika alichoona daktari."

"Andika ini. Andika pafu. Andika popote, hata kidole cha mguu." Roselène alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu kama ganda la muwa. "Kile si ugonjwa. Kilikuwa kwa shemeji yangu, akafa, kikaja kwa mume wangu. Kinatembea. Kitu kama hicho kikizikwa bila mahali, hakizikiki."

"Kinaitwaje?"

"Kingekuwa na jina, kingeshafukuzwa."

Dilcia alimpa pole, akamletea maji, na mjane alipoondoka akaandika vile vile alivyosema daktari. Angefanya nini? Mtu haandiki ini pasipo na ini.

Baada ya joto ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya maji ya miwa yaliyochacha, na chini yake, ukivuta pumzi sana, harufu ya kidonda kilichofungwa bandeji siku nyingi. Wakasugua sakafu kwa dawa, wakaita fundi wa kiyoyozi, fundi akatoa kiota cha mende akasema ndicho. Harufu ikabaki. Kisha kile kiti kikaanza kulia chenyewe, taratibu, kwi, kwi, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani asipate ubavu wa kulalia.

"Ni joto," Milcíades alisema. "Plastiki inapanuka."

"Mbona kiti changu hakipanuki?"

"Chako kimekwisha kuzoea makalio ya Kikristo."

Wakacheka. Walikuwa bado wanaweza kucheka.

Siku umeme ulipokatika ilikuwa saa sita za mchana, jua la Barahona limesimama utosini na watu wamekwenda kula. Chumba kile kilikuwa na kidirisha kimoja tu kilichotazama ukuta, kwa hiyo giza liliingia kama maji. Dilcia alisimama kidirishani akingoja jenereta ing'urume. Haikung'uruma. Akasikia kiti kinalia, kisha akasikia miguu ya kiti inakwaruza sakafu, kidogo, ikapumzika, ikakwaruza tena, na kila ilipopumzika ilikuwa mbali zaidi na ukuta na karibu zaidi na meza ya mkuu wake, na ile harufu ya muwa mchachu ikamjaa mdomoni mpaka akahisi anaitafuna, na hakuthubutu kuita kwa sababu ilimjia wazi, bila kuambiwa na mtu, kwamba kile kinachosogea kilikuwa kinasikiliza kijue nani yuko wapi.

"Dilcia," Milcíades alinong'ona. "Ni wewe umenishika bega?"

"Mimi niko dirishani."

"Acha utani, mama."

"Naapa kwa mama yangu, niko dirishani."

Taa zilipowaka, kiti cha wageni kilikuwa kando ya Milcíades, kimegusana na chake, kama cha mchumba. Alikuwa ameloa jasho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akapiga ishara ya msalaba bila mzaha.

Bega likaanza kumuuma jioni ile ile. Daktari akalipiga picha, akaona bega ni zima, halina kitu. Maumivu yakawa gotini. Wakapiga picha goti, yakapanda mbavuni. Mtu aliyekuwa akila sahani mbili za wali na maharagwe akawa anaangalia kijiko kama anayeangalia mlima. Walipompiga picha mwili mzima waliikuta kansa kila mahali, na mwanzo wake hakuna aliyeuona.

Dilcia alikwenda kumwona wodini. Alikuwa amepungua hivi kwamba saa yake ya mkono ilikuwa imepanda mpaka kwenye kiwiko.

"Linatembea," alimwambia, mdomo karibu na sikio lake. "Daktari akiweka kidole tu, linahama. Linacheza nao kombolela." Akajaribu kutabasamu. "Usinipe ile ya yatima, Dilcia. Niandikie mahali. Mimi mtu mnene, mahali nilikuwa napo tele."

Alipofariki, faili lake likaja mezani. Daktari alikuwa ameandika maneno yale yale ya Ilfrène. Dilcia alikaa nalo mpaka machozi yakamkauka, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote ya kazi: akampa namba ya ini. Akapiga ishara ya msalaba. Akatoka nje kununua kahawa.

Aliporudi, kiti kilikuwa baridi. Akacheka peke yake kama mwehu kwa furaha. Harufu nayo imekwisha. Akarudi nyumbani mapema, akapika ndizi za kuponda na jibini ya kukaanga kwa ajili ya binti yake, Yubelkis, ambaye ndiye mtu pekee aliyebaki naye duniani. Wakala. Wakazungumza habari za harusi ya Yubelkis.

Kisha Yubelkis akanusa hewa. "Mama, umemwaga nini? Kunanuka kama kiwandani, kule kwa miwa."

Dilcia aliweka uma chini. Akaenda chumbani kwa binti yake, akainama juu ya kitanda, upande wa ukutani, upande asiolala mtu. Shuka ilikuwa na joto.

Bi Eneroliza alikuwa mganga wa kutajika, mwanamke mweusi mrefu anayevuta sigara kubwa na kumwita kila mtu mwanangu, hata padri. Alikuja nyumbani kwa Dilcia mchana wa Jumapili na fungu la mrehani, chupa ya ramu na mishumaa. Alipovuka kizingiti tu akasimama.

"Nani amelidanganya?"

Dilcia akamweleza yote, sauti ikimkatika: mjane, kiti, Milcíades, namba ya ini.

"Ah, mwanangu." Bi Eneroliza alitikisa kichwa. "Jini ndilo hudanganya; halidanganywi. Umelionyesha nyumba iliyochorwa karatasini, likaenda kugonga, hakuna mlango. Sasa limekuja kwa mwenye kuchora."

"Linataka nini?"

"Kiti. Majini yote hutaka kiti, mwili wa kukalia. Lakini mengine ukiyapa kiti hukaa, ukayajua majina yao na chakula chao, ukaishi nayo kama unavyoishi na wakwe. Hili sijui kama linajua kukaa. Mpeleke binti nje."

Yubelkis akapelekwa kwa jirani. Milango ikafungwa, mishumaa ikawashwa ingawa jua lilikuwa kali nje na watoto wa mtaani walikuwa wakipiga kelele. Bi Eneroliza akanyunyiza ramu pembe zote, akajipiga mrehani mabegani, akavuta moshi na kuimba, na wimbo ulikuwa mtamu mwanzoni kama wa kubembeleza mtoto, kisha ukaanza kusita, ukaruka maneno, ukarudia neno moja, na kichwa chake kikaanguka kifuani kikainuka tena na macho yamegeuka meupe, na ile harufu ikaja si kutoka mlangoni wala dirishani bali kutoka kinywani mwake, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume, ilikuwa kama watu wengi wagonjwa wanaoomba maji kwa pamoja.

"Nikae wapi?"

Dilcia alishika ukingo wa meza.

"Kwa mzee nilizunguka," ilisema. "Kwa mnene nilizunguka. Nimechoka. Yule msichana ni mpya. Nikae wapi kwake?"

"Kwake hukai."

"Nikae wapi?"

Mtu hujua mambo mengi asiyojua kama anayajua. Dilcia alikuwa amesoma mafaili ya wagonjwa kwa miaka, naye alijua wepi hurudi nyumbani. Hurudi wale ambao ugonjwa wao una mahali, kwa maana mahali hukatwa, hukaushwa, huchomwa. Akafungua vifungo vya blauzi yake, akaweka kiganja kifuani.

"Hapa," alisema. "Titi la kushoto. Si uongo, si karatasi, ni nyama yangu. Njoo ukae hapa, umwache mwanangu."

Mishumaa ikainama pamoja, upande wake. Akasikia kitu kama mtu anayeketi baada ya safari ndefu, pumzi tu, haah, na Bi Eneroliza akaanguka sakafuni.

Alipozinduka na kunywa maji, Dilcia alimwambia alichofanya. Mganga akajifunika mdomo kwa kitambaa.

"Lilikuapia?"

"Lilinyamaza."

"Lilikwambia jina?"

"Hapana, Bi."

Bi Eneroliza alikusanya mishumaa yake, na mlangoni akambusu Dilcia kwenye paji la uso kama wanavyobusiwa watu waliomo ndani ya jeneza.

Donge lilijitokeza kabla ya mwisho wa mwezi, gumu, chini ya chuchu, pale pale alipoweka kiganja. Dilcia aliligusa akamshukuru Mungu. Katika wodi nzima ya wanawake kule mji mkuu hakuna aliyekwenda kukatwa akiwa na furaha kama yeye. Aliwataka madaktari wakate titi lote, wasiache hata uzi, nao wakamwona jasiri. Yubelkis alilala kwenye kiti kando ya kitanda chake, akamchana nywele, akamlisha mchuzi wa kuku kwa kijiko. Nyumbani hakukuwa na harufu. Kitandani hakukuwa na joto. Wakapanga harusi ifanyike hata kabla kidonda hakijapona sawasawa, na Dilcia akasema atavaa gauni jekundu, watu waseme watakavyo.

Daktari Peguero alikuja na majibu mchana, akavuta pazia kitanda kisionekane. Alikuwa kijana, na hakujua afanye nini na mikono yake.

"Bi Dilcia, titi tumelichunguza lote. Ni safi. Lile donge lilikuwa mafuta tu."

Yubelkis akapiga kelele za furaha. Dilcia hakupiga.

"Endelea, daktari."

"Zile tezi tulizotoa kwapani, hizo zina kansa. Na picha inaonyesha vivuli kwenye uti wa mgongo. Na kwenye ini kidogo." Akashika pazia tena. "Haikuanzia titini. Tumetafuta. Hatujui ilianzia wapi."

Dilcia alitazama kifua chake kilichofungwa bandeji, upande mmoja tambarare kama meza. Lilikuwa limekubali zawadi, likaketi pumzi moja, likainuka.

"Mtaandika nini?" aliuliza, ingawa alijua, hata namba yenyewe aliijua kwa moyo.

"Tutaandika tulichoona, mama. Tufanyeje?"

Alipoondoka, Yubelkis alikaa kitandani akilia kimya kimya, kichwa begani kwa mama yake. Nje muuza matunda alikuwa akipita akinadi parachichi. Walikaa hivyo mpaka sauti yake ikapotea mwisho wa mtaa. Kisha Yubelkis akajinyoosha, akafuta macho, akasugua kiuno.

"Hiki kiti chao kimeniumiza nyonga," alisema. "Hapa." Akakunja uso, mkono ukapanda. "Hapana, si hapo. Ni huku mbavuni. Ngoja nikuonyeshe, mama, sasa imehamia—"

Dilcia aliukamata ule mkono kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Usilionyeshe, mwanangu," alinong'ona. "Usiguse popote. Kaa tu. Kaa kimya, lisijue uko wapi."