Kifuniko Kisicho na Moshi

Koplo Guure alikutwa amekufa kifudifudi langoni mwa kituo cha polisi cha Beledweyne, nusu ya ukuta ikiwa juu yake. Bomu lilifichwa ndani ya dhiil, chombo cha kusukwa cha maziwa.

Wanajeshi walikuwa wamekwisha kumkamata muuza maziwa, mama Habiibo. Adhuhuri wangempeleka mahakama ya kijeshi, na huko harudi mtu.

"Nipeni hadi adhuhuri," alisema Inspekta Ubax.

Zamani polisi wetu wangefagia damu na kusomba vijana wa mtaa mzima. Lakini majeshi ya kigeni yalipoondoka, alibaki Mganda mmoja, Afande Byaruhanga, kutufundisha upelelezi. Mwaka mzima alitufokea: "Weka fagio chini! Tazama kwanza!" Siku ile alisimama nyuma ya utepe, akimtazama mwanafunzi wake Ubax.

Ubax alivaa glavu, akaokota kifuniko cha dhiil kilichorushwa na mlipuko ng'ambo ya barabara. Akakinusa. Kisha akanusa vyombo vya Habiibo, kimoja kimoja.

"Mama, vyote unavifukiza moshi kabla ya kutia maziwa?"

"Nisipofukiza nani atanunua? Mtoto wa nani wewe, usiyejua maziwa!" mama alifoka, pingu mikononi.

Ubax nusura acheke. Akamwita Sajenti Diiriye, mlinzi wa lango.

"Kile chombo ulikikagua?"

"Nilikifungua, afande. Maziwa tu, yananukia moshi kama kawaida."

"Alikileta nani?"

"Nani tena kama si huyo mama!"

Ubax akamsogezea kifuniko. "Nusa."

Diiriye alinusa. Kilinuka baruti na nyasi mbichi, basi.

"Chombo kipya, hakijafukizwa hata siku moja; si cha mama huyu. Hukukifungua, Diiriye, maana ulijua kilichomo."

Sajenti aliketi chini kwenye vumbi.

"Wenye bomu wanamshikilia mama yangu kijijini. Walisema nikiweke langoni, nimsingizie muuza maziwa. Waliotulinda wameondoka, Ubax! Ningemkimbilia nani?"

"Wewe na Guure mlikuwa mkila sahani moja."

Diiriye akalia kwa sauti.

Ubax alimgeukia mwalimu wake.

"Unaniangalia nini?" alisema Byaruhanga. "Kituo ni chako."

Ubax akamfungua Habiibo, na pingu zile zile akamfunga Diiriye. Nami nilimwonea fahari kama dada yangu wa tumbo moja. Kisha akachuchumaa mbele ya sajenti.

"Ungenikimbilia mimi," alisema. "Haya, kijiji gani? Tunakwenda kumchukua mama yako."