GB Kumi na Tano za Castory

"Ng'ombe warudi zizini kabla ya saa tisa."

Mkuu wake wa kikosi cha siri akakata simu.

Shija alitazama saa. Tano na robo. Akaitazama laptopu ya HP ProBook iliyokuwa wazi mbele yake, na jasho likamtiririka humo kibandani mwake Maili Moja, Kibaha, ambako watu wote walimjua kama fundi kompyuta.

Ng'ombe ndiyo hiyo laptopu. Zizi ni meza ya Castory, ofisini kwake Kibuta, upande wa Kisarawe.

Castory aliuza chanjo bandia za mifugo. Ziliingia kwa magendo kutoka nje, zikabandikwa lebo mpya, zikadungwa kwa ng'ombe wa watu. Gwata peke yake wafugaji walikuwa wamefukia ng'ombe mia mbili. Leo malori mawili yalisubiri kupakua shehena nyingine, lakini yangesogea kwa simu ya Castory tu, na Castory hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo. Kila Ijumaa saa tisa aliwasha laptopu, akabonyeza kitufe cha F11, akairudisha ilivyotoka kiwandani. Siri za wiki nzima zikishafutika, ndipo huyaita malori.

Asubuhi hiyo, Castory akiwa Dar, karani wake Stellamaris, aliyekuwa msiri wa kina Shija, aliitoa laptopu ofisini ndani ya gunia la pumba na kumkabidhi Shija. Shingo iliyowekwa rehani ilikuwa ya mwanamke huyo, si ya mtu mwingine.

Kazi ilikuwa nyepesi: kunakili orodha ya wateja na namba za malori. Nenosiri likamgomea. Mfukoni alikuwa na flash ya kuwashia mfumo endeshi mwingine bila kugusa diski, lakini haraka ikamshika, na mkono ukafanya ulichozoea.

Kwa miaka mitatu ya kujifanya fundi, kila mwanafunzi aliyemletea laptopu alisema yale yale: "Niwekee na mfumo wa pili, na uniongezee nafasi." Mafundi wa pale wanajua nafasi inatoka wapi. Unaifuta ile sehemu ya diski yenye nakala ya kiwandani, GB kumi na tano za bure, unaweka mfumo mpya, mteja anaondoka anakuombea dua. Shija alikuwa amezifuta nyingi mpaka akaacha kuhesabu.

Akaifuta na ya Castory.

Mazoea yana taabu, wallahi. Jasusi aliyenolewa katika nchi tatu, kaangushwa na mkono wa kibandani!

Orodha aliipata, ndiyo. Lakini F11 huitafuta sehemu hiyo hiyo. Saa tisa Castory angebonyeza, kisingetokea kitu, na wa kwanza kukodolewa macho angekuwa Stellamaris.

Simu ikalia tena.

"Hali?" aliuliza Mkuu.

"Shwari, Mkuu."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna."

Alipoishusha simu alijiona mchafu. Akalitafuta jina la Stellamaris. Amwambie nini? Kwamba amemchimbia kaburi kwa uzembe? Kwa aibu akairudisha simu mfukoni.

Mfumo mpya ulikuwa umeshaandikwa juu ya ile sehemu, hivyo hapakuwa na cha kufufua. Ilitakiwa nakala kutoka laptopu pacha ambayo haijawahi kuguswa. Kibaha nzima aliijua moja tu.

Pikipiki yake ya Boxer ikanguruma kuelekea Pangani, hapo hapo Kibaha.

Mama Rahabu, afisa kilimo aliyekuwa likizo, alikuwa anapalilia mchicha nyuma ya nyumba. Ndiye mteja pekee aliyewahi kumkatalia Shija asimfutie hata nukta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, mbona unahema hivyo?"

"Nina shida na ile laptopu yako. Saa moja tu, mama."

"Ya nini?"

"Nimeharibu ya mtu."

Mama akajifuta udongo mikononi. "Si nilikwambia? Ninyi mafundi mnafuta kitu ambacho hamkukiweka. Ingia ndani. Na mwenyewe umeshamwambia?"

Shija akainama mezani.

Akaung'oa mfumo wa pili. Akarudisha mipaka ya diski kama ilivyokuwa, akanakili sehemu ya kiwandani kutoka mashine ya mama, akaipa kitambulisho chake ili F11 iione. Akajaribu F11. Skrini ya bluu ya kurejesha ikatokea. Akaizima kabla haijafuta chochote, akatoka mbio, hata asante aliisemea mlangoni.

Kiluvya. Kisarawe. Vumbi la Kibuta.

Saa nane na dakika arobaini gunia la pumba lilikuwa mikononi mwa Stellamaris.

"Iko sawa, kaka?"

"Iko sawa, dada Stella."

Saa tisa kamili Castory aliketi. Shija alikuwa amejibanza kwenye mikorosho nyuma ya ofisi, bastola ya Glock mkononi, sikio moja kwenye redio ya kikosi, jingine likisikiliza simu ambayo Stellamaris aliiacha hewani mfukoni mwa gauni.

Laptopu ikawashwa.

"Hii nini?" Sauti ya Castory. "Mbona imekuja nyeusi na maandishi?"

Shija akaelewa kosa lake. Mfumo aliung'oa, lakini jina lake alilisahau kwenye orodha ya kuwashia, na kwa Mama Rahabu alijaribu F11 tu. Mashine iliutafuta kwanza, ikaukosa, ndipo ikaendelea.

"Sijui, bosi. Labda... labda nilipofuta vumbi."

"Nani kaigusa?"

"Hakuna, bosi, nakuapia."

Droo ikafungwa kwa kishindo. Stellamaris akapiga yowe.

Shija akanyanyuka.

"Usisogee," Mkuu alisema redioni. "Tunataka simu ya malori."

"Anamuumiza!"

"Usisogee, Shija."

Hakusogea. Alisimama akilisikiliza lile yowe, na alijua limetoka mkononi mwake.

Castory akabonyeza F11. Sekunde kumi. Ishirini.

"Ahaa," Castory akacheka. "Imekubali. Haya, kafunge hicho kidole." Kisha akapiga simu. "Leteni."

"Malori yamenaswa Gwata," redio ikasema baada ya dakika nane. "Ingia."

Teke moja, mlango chini. Castory alipoinua gobore, alikuta mdomo wa Glock umeshafika kwenye paji la uso wake. Akaliachia mwenyewe.

Polisi walipomtoa, Stellamaris alikuwa amekaa juu ya katoni, kidole kimepinda, kimevimba.

"Nisamehe, kaka," alisema akilia. "Nadhani niliharibu mimi wakati wa kuitoa. Nusura niwaharibie kazi."

Shija angeweza kunyamaza. Angetoka pale shujaa.

"Si wewe," alisema. "Niliiharibu mimi asubuhi. Nikatengeneza, nikasahau kitu. Nikakuficha ukweli."

Stellamaris akajifuta machozi.

"Ungeniambia," alisema taratibu, "ningejua cha kumjibu."

Akainuka, akaupita mkono wa Shija uliotaka kumshika, akapanda gari la polisi kwenda hospitali.

Mkuu akapiga. "Kazi nzuri sana. Nitaandika hakuna madhara."

"Andika msiri wetu amevunjika kidole. Sababu, uzembe wangu na uongo wangu kwako."

"Hilo halina haja, Shija."

"Liandikwe, Mkuu."

Akakata simu, akavaa helmeti, akaiwasha Boxer na kulifuata gari la polisi, kwa mbali.