Pengo la Shaba

Kwaru. Kwaru. Kwaruuu.

Redio ya jikoni ilikwaruza gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, lakini redio ilikuwa ya betri.

“Mjomba anafanya kazi,” mtoto alisema, kajilaza mapajani mwa mama yake.

Sindano alitabasamu. Kaka yake akiwasha koili ya Tesla, ule mnara wake wa nyaya unaotema radi za kuchezea, redio za mtaa mzima hukohoa. Mikwaruzo miwili mifupi, mmoja mrefu. Mkono wa fundi haujifichi.

Simu ikatetemeka.

“Sindano?”

“Nakusikia, Mkuu.”

“Redio za doria zimezibwa. Malori ya bunduki yanavuka mpaka sasa hivi, na vijana hawawezi kuitana.”

“Zimezibwa na nini?”

“Kelele. Miwili mifupi, mmoja mrefu.”

Tabasamu likamfia mdomoni.

Karakana ya kaka yake ilipakana na mnara wa doria, ukuta kwa ukuta. “Pametulia, dada’ngu,” alisema alipohamia.

Akamwacha mtoto na redio yake kwa jirani. Akachomeka bastola yake, Beretta, kiunoni.

Akaongeza bisibisi.

Jenereta ilinguruma uani. Sindano alipenya kwa dirisha la nyuma. Koili ilikuwa imezimwa kidogo ipoe. Chini ya meza ilikaa transfoma, na juu yake vidonge viwili vya shaba vilivyotazamana: pengo la usalama. Volti zikirudi nyuma kwa kishindo, huruka hapo na kushuka ardhini. Transfoma hupona.

“Ilinde transfoma kwanza,” kaka alimfundisha utotoni. “Koili utasuka nyingine.”

Pengo alilipima mara moja tu, kwa unene wa msumeno wa chuma. Halikaguliwi tena. Kwao, alichofunga kaka hakuna aliyekigusa.

Sindano akakigusa.

Kwa bisibisi akavitenganisha vile vidonge, upana wa kidole gumba, volti zisiweze tena kuruka. Sauti zikaja kutoka uani.

“Na dada yako? Si mtu wa serikali?” Mgeni, Kiswahili chake cha kukwama.

Kaka akacheka. “Yule? Ananiamini kuliko macho yake. Hata hapa nilipewa kwa kumtaja yeye.”

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kinauma hivi.

Akajibanza nyuma ya kabati. Wakaingia. Kaka hakutazama chini ya meza. Akabonyeza swichi.

Radi za zambarau zikapaa. Mkwaruzo. Mkwaruzo. Kisha ule mrefu…

Pwaa!

Lami iliyofunika nyaya ikachemka ndani ya transfoma. Moshi. Kimya.

Redio ya mkononi ya Sindano, Motorola, ikafufuka. “Doria wote, malori tunayaona!”

“Yazuieni. Na wawili njooni karakana jirani,” Sindano alijibu akitoka nyuma ya kabati.

Mgeni akapeleka mkono kotini. Akakuta Beretta inamtazama. Akaurudisha taratibu, mtupu.

Kaka alikuwa amepiga magoti kando ya transfoma, kama mtu aliyefiwa.

“Nani kagusa pengo langu?”

“Uliyemfundisha.”

“Dada’ngu… damu yako mwenyewe?”

“Ungeiuliza damu kabla ya kulitaja jina langu.”

Askari wa doria walipofika na pingu, Sindano alikuwa anafuta masizi kidoleni. Akatoka bila kugeuka. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa jirani.

Huko ndani redio ilikuwa inaimba safi, bila kikohozi.

Mtoto akainua uso.

“Mama, mjomba amemaliza kazi.”