Gari la Phares Halijafika

Saa kumi na dakika kumi jioni, gari moja la ziada lilitokea kwenye skrini ya ofisi.

Elsie Awiti ndiye aliyeliona. Kazi yake ilikuwa hiyo: kukaa ghorofa ya pili pale Mbotela, mbele ya skrini kubwa ya ukutani, na kuchunga teksi zinazoitwa kwa simu, ajue nani yuko wapi, nani amekataa abiria, nani afungiwe. Alihesabu madereva waliokuwa kazini. Arobaini na mmoja. Akahesabu magari kwenye ramani. Arobaini na mawili. Lile la ziada lilikuwa limesimama Barabara ya Jogoo, na alipolibonyeza likamwandikia jina la kaka yake, Phares Odongo, waliyemzika Ugenya majuma matano yaliyopita.

Heri niseme ukweli mapema, maana Elsie mwenyewe alikuwa hajamwambia mtu. Siku aliyokufa, Phares alimpigia simu akiwa hoi. Alikuwa ameendesha tangu saa tisa za usiku, akitafuna tangawizi mbichi asisinzie.

"Awiti, nimechoka mbaya. Nimekataa abiria wawili, na huyu wa tatu nikikataa nafungiwa siku tatu. Muondoe tu huko kwa system."

Kumwondoa kulikuwa kubonyeza mara moja. Lakini wenzake walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba anampendelea ndugu yake, na Elsie akaogopa maneno ya watu.

"Sheria ni ya wote, Phares. Beba huyo wa mwisho, halafu ukalale."

Damu ni nzito kuliko maji, husemwa. Siku ile haikuwa nzito kuliko kazi. Dakika sita baadaye Phares alisinzia kwenye usukani, akaingia chini ya lori lililoharibika kando ya barabara.

"Kiilu," Elsie, macho yakiwa bado kwenye skrini, alimwita msimamizi wake kwa sauti ya chini. "Kuja uone."

Kiilu alitazama, akacheka kidogo, kisha akaacha. "Si hii akaunti tulifunga?"

"Tulifunga."

"Basi ni ile safari yake ya mwisho. Yeye hakufika, na abiria hakukatiza. Wacha niimalize."

Akabonyeza. Gari likazimika, wakashusha pumzi, kisha likawaka tena, hatua chache mbele. Ndani ya hedifoni za Elsie, ambazo hazikuwa zimeunganishwa na simu yoyote, kikaanza kugonga kiashiria cha gari linalotaka kupinda, tik, tik, tik, na ofisi nzima ikanuka tangawizi.

"Hii kitu mimi sigusi tena," Kiilu akanong'ona.

Jina la huyo abiria lilikuwa limefichwa, maana kampuni ililinda wateja wake. Kilichoonekana ni mahali pa kumchukulia tu: Kaloleni. Huko ndiko Elsie alikoishi na mama yake, lakini Kaloleni ina watu wengi, naye hakutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Kila siku saa ile ile gari lilirudi, na kila siku lilisogea, Jumatatu likipita kituo cha mafuta, Jumanne likifika kwenye taa za barabarani, Jumatano likipinda kuingia mtaani polepole, kama dereva anayesoma namba za nyumba, na Elsie hakula, hakulala, alikaa tu akisikiliza tik, tik, tik ndani ya masikio yake hata alipokuwa kanisani amepiga magoti.

Alhamisi akapigiwa simu na Wacera, jirani anayeuza mboga mbele ya nyumba yao.

"Elsie, kuja haraka. Mamako ako barabarani, amevaa nguo za kanisa. Anafungua mlango wa gari na hakuna gari! Lori nusura limgonge. Nimemvuta kwa nguo."

Ijumaa Elsie hakwenda kazini. Alimleta Mama Clare, mwombaji mwenye kitambaa cheupe anayejulikana mtaa mzima kwa kufukuza pepo. Walimkuta mama yake, Mama Anyango, ameketi mlangoni, amekonda, mfuko mapajani na simu mkononi. Miguu yake ilikuwa baridi kama sakafu. Mama Clare aliomba kwa nguvu, kengele mkononi, halafu akanyamaza katikati ya maneno.

"Mimi hufukuza kinachong'ang'ania," akasema taratibu. "Huyu hang'ang'anii. Ameshikwa. Nani anamshika?"

Mama Anyango akageuza simu wakaiona. *Dereva wako Phares yuko umbali wa dakika 1.*

"Siku ile nilikuwa naenda kliniki," akasema. "Nikaita gari, na likaja jina la mtoto wangu. Nikacheka peke yangu. Nikasema leo nitaketi nyuma kama madam. Mkaniambia amekufa, lakini simu inaniambia anakuja. Nikikatiza, atajua simngoji tena."

Elsie akaisoma tena ile simu. Huyo wa mwisho alikuwa mama yao.

"Mama, aliniomba apumzike. Nilimkatalia. Nilimwambia abebe huyo wa mwisho, na huyo ulikuwa wewe." Akalia waziwazi, bila kujifunika uso.

Mama Anyango akatazama saa kwenye simu. Saa kumi na dakika kumi ilikuwa imefika, na pale nje, kwenye uwanja mtupu ambamo kuku walikuwa wakidonoa, injini ilinguruma ikatulia, vumbi likajikata mistari miwili ya magurudumu yasiyoonekana, harufu ya tangawizi ikaingia nzito hata Mama Clare akaziba pua, kiashiria kikagonga tik, tik, tik, na mlango wa nyuma wa gari lisilokuwapo ukafunguka kwa mlio ambao wote wawili, mama na binti, waliujua, maana Phares alikuwa akiahidi kila mwezi kuutia mafuta.

Mama akainuka, akapiga hatua moja. Elsie akamshika mkono.

"Amechoka, Mama. Hata sasa amechoka."

Mama akaurudisha mguu. Kisha akaibonyeza simu, na simu ikauliza sababu ya kukatiza safari. Dereva amechelewa. Nimebadili nia. Nyingine.

"Bonyeza hiyo nyingine," akamwambia Elsie. "Macho yangu hayaoni. Andika amechoka."

Elsie akaandika. Nje honi ililia mara mbili, fupi fupi, kama Phares alivyoaga siku zote. Kuku wakarudi kudonoa na harufu ikaisha.

Mama Anyango akaketi, akafungua mfuko. Mlikuwa na chapati mbili ndani ya karatasi. Alikuwa akimpikia Phares kila siku, wala mfuko haukuwa umetoka mikononi mwake tangu asubuhi. Chapati ya juu ilikuwa nzima. Ya chini ilikuwa imemegwa nusu.

Aliitazama hata machozi yakaja, ya kwanza tangu mazishi. Akampa Elsie ile nzima.

"Angalau amekula," akasema.