Tundu Chini ya Spoila

Kila siku akitoka shule, Rula alipitia kwanza gereji ya mama yake mdogo. Alivua sare, akavaa ovaroli iliyomfunika mpaka vidole, kisha akaliendea gari jeupe lililokaa pembeni chini ya turubai. Alilifuta vumbi kuanzia taa za mbele hadi buti, hata siku ambazo halikuwa na vumbi lolote. Lilikuwa gari la mama yake.

Jina la Rula alipewa na mafundi, maana binti huyo alipima kila kitu, hata mkate kabla ya kuukata.

Mama yake alikuwa dereva wa teksi, mcheshi, mwenye maneno mengi. Miaka miwili iliyopita alikwenda ng'ambo kuendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, akamwacha binti na gari mikononi mwa mdogo wake, fundi wa bodi. Rula alimkumbuka mno. Kuna siku alijifungia ndani ya gari lile, akaegemeza shavu kwenye usukani akitafuta harufu ya mama. Ulinuka plastiki tu.

Sasa mama alikuwa anarudi Jumamosi! Tena mama mdogo alikuwa amepata spoila, lile bawa la nyuma ambalo mama alilitamani miaka nenda miaka rudi. Ilitoka kwenye gari la aina nyingine, lililogongwa mbele likabaki zima nyuma.

"Magari haya hayana undugu," mama mdogo alionya siku ya Jumatano. "Buti la lile limenyooka, la hili limejikunja kidogo. Nitakata mpira wa kuziba mwanya, tutapima, ndipo tutoboe. Keekee usiiguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama Mdogo."

Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mama mdogo alipotoka kwenda kununua rangi, Rula alishindwa kuvumilia. Kwenye gari lililogongwa, tundu la ufunguo lilikuwa katikati kabisa ya buti. Basi akaanzia kwenye tundu la ufunguo la gari la mama, akapima kwenda kulia, akaweka alama, akawasha keekee. Bati likatoboka.

Ndipo akapima upande wa kushoto. Masalale! Tundu la ufunguo la gari hili halikuwa katikati. Lilikuwa limesogea kando kwa vidole viwili. Alikuwa ametoboa mahali sipo.

Haraka haraka akaziba kwa puti, ule udongo laini wa kuzibia bati, akapaka tone la rangi nyeupe, akajifanya anafagia.

Ijumaa mchana mama mdogo alipima kutoka kingo zote mbili za buti, akatoboa matundu yake, akapaka silikoni ya kuzuia maji. Rula aliona wazi kwamba spoila ingelifunika kabisa tundu lake. Hakuna ambaye angejua. Kwa nini basi hakufurahi?

"Mama yako atapakia mizigo yake humu," mama mdogo alisema, akiinua spoila. "Halitapenya hata tone la maji."

"Subiri, Mama Mdogo!" Rula alipasuka kulia. Akaeleza yote.

Mama mdogo aliibandua ile puti kwa ukucha. "Hii ingedondoka kwa mtikisiko wa wiki moja. Maji yangeingia, na kutu ingelila bati chini ya urembo wetu. Itabidi nichomelee, nipige msasa, nipake rangi upya. Kesho haitakuwa tayari."

"Najua," Rula alisema kwa sauti ndogo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Na keekee hutaishika mpaka nikuambie. Lakini umefanya vizuri kusema."

Jumamosi mama alifika. Rula alimrukia shingoni, wakakumbatiana mpaka mafundi wakaanza kutania. Kisha mama akaliona gari lake, likiwa na kiraka cha kijivu kwenye buti na spoila imelala juu ya meza.

"Mimi ndiye niliyeharibu," Rula alisema. "Nilidhani ukiliona limependeza, hutaondoka tena."

Mama alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Njoo hapa, mwanangu. Mimi nilipanga kukuambia nimerudi moja kwa moja. Halafu ningeondoka ukiwa shule, kwa kuogopa machozi yako. Kweli ni kwamba nina wiki tatu tu. Nitafanya kazi mwaka mmoja mwingine, ndipo nirudi kukaa."

Rula alilia, na mama akamwacha alie.

"Kosa likisemwa, linarekebishika," mama alisema hatimaye. "Likifichwa, linazidi kuharibu. Mimi mtu mzima nimehitaji kukumbushwa na wewe."

Jumatatu, rangi mpya ilipokauka, walifunga spoila pamoja. Mama alishika ncha moja, mama mdogo ncha nyingine, na Rula akakaza nati kwa spana. Kwa wiki tatu walizunguka mitaani na gari lile, mama akipiga honi kwa kila aliyewakodolea macho.

Asubuhi ya safari, Rula alikuwa kiti cha mbele. Alilia njia nzima hadi uwanja wa ndege. Lakini alibeba begi la mama yake mpaka mlangoni, akamuaga, na akapunga mkono mpaka mama alipotoweka.