Pole Iliyochelewa Kumsenga

Stendi ya Kasulu siku ya soko haina pa kukanyaga. Odilia alikuwa ametoka hospitali kwenye mazoezi ya viungo, akikimbilia basi la kurudi Kibondo. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lenye mikono mirefu, maana mkono wa kulia hakupenda uonekane. Vidole vikamsaliti. Mfuko ukaanguka, parachichi zikatawanyika miguuni mwa watu.

"Dada, unapanda parachichi stendi?"

Mwanamume mmoja mrefu alikuwa ameshainama, akiziokota na kuzifuta kwa kofia yake.

"Zimenishinda uzito."

"Parachichi nne?" Akauona mkono, akaacha mzaha. "Pole. Naitwa Nkunzimana. Nauza vitunguu pale kona, ila leo mimi ni mpagazi wako."

Basi lilipoondoka, Nkunzimana alikuwa na namba ya Odilia. Akawa anapiga kila jioni akishafunga meza yake.

"Umekula, mukunzi?"

"Mukunzi ndiyo nini?"

"Kirundi cha bibi yangu. Waulize wenyeji huko."

"Nimeshauliza! Mwongo wewe, wiki ya pili tu unaniita mpenzi?"

"Basi nitasubiri ya tatu."

Odilia akacheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Kulikuwa na jambo hajamwambia. Kabla mkono haujavunjika, alikuwa muuguzi wa ambulensi. Masika ya mwaka jana gari liliteleza kwenye mteremko, likalala ubavu. Mama mjamzito aliyekuwa kwenye machela akakata roho yeye na mimba yake, Odilia amemshika. Tangu hapo sauti ya yule mama haikumwacha. Akichota maji, inasema. Akiwa kanisani, kwenye kile kimya cha baada ya komunyo, inasema: Dada, maharage yangu yako nje. Ni hayo tu. Alisali, akafunga, akaomba misa. Sauti ikabaki.

Sasa barua ilikuwa imekuja kutoka kazini. Jumatatu atajaribiwa tena kwenye gari, na akishindwa atabaki chumba cha mafaili moja kwa moja. Jumapili jioni akaona si haki kumficha mtu anayemwita mpenzi. Akamweleza Nkunzimana yote.

"Masika ya mwaka jana?" sauti ya upande wa pili ilikuwa imebadilika. "Huyo mama alitoka kijiji gani?"

"Kumsenga."

Simu ikakatika. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena.

"Ameogopa kuoa kilema," alijisemea.

Jumatatu akaweka mguu kwenye ngazi ya ambulensi. Harufu ya dawa ya kusafishia ikampanda kichwani, na ile sauti ikasema nyuma ya sikio, karibu kabisa. Akashuka.

Dada Recho, muuguzi mkuu, hakumfokea. "Nakupa hadi Alhamisi. Zaidi ya hapo, mdogo wangu, sina la kuwaambia wakubwa."

Jumatano asubuhi, Nkunzimana alikuwa amesimama getini pa hospitali ya Kibondo.

"Siku tatu hupokei simu!" Odilia alianza. "Kama ni mkono wangu, sema."

"Yule mama, Aline, alikuwa mke wangu."

Odilia akauficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

"Sikuwahi kukuona. Jina lako nililisikia tu msibani, na Odilia wako wengi. Tulikungoja. Siku ya tatu tukakungoja, siku ya arobaini tukakungoja. Mama mkwe anauliza, yule muuguzi aliyekuwa naye mbona haji hata kutupa pole? Tukasema ametudharau."

"Nilikuwa nimelazwa. Nilipotoka nikaogopa. Nilijua mtanifukuza."

"Nani anafukuza mtu aliyeleta pole?"

Nkunzimana akamsogelea.

"Aline alisema nini?" akauliza taratibu. "Mwishoni."

"Alisema maharage yake yako nje."

Nkunzimana akachuchumaa pale pale, akashika kichwa. Alikuwa analia au anacheka, mlinzi wa geti hakuelewa. "Alikuwa ameyaanika. Mimi nikachukua baiskeli kuifuata ambulensi, nikayaacha. Yaliota pale uani, Odilia. Nimekaa mwaka mzima nikidhani alikufa akinilaumu kwamba nimechelewa. Kumbe aliwaza chakula."

Walipanda pikipiki hadi Kumsenga siku ileile. Mama mkwe, mama yake Aline, alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Odilia akapiga magoti, akatoa mikono yote miwili.

"Mama, pole. Mimi ndiye nilikuwa naye."

Mama mkwe aliushika mkono wa kulia, akapapasa kovu.

"Umechelewa kweli," alisema. "Ingia ule." Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe, unamtazamaje mgeni wangu hivyo? Kama una la kusema, sema nikiwa hai."

"Nitasema, mama. Ila kesho ana kazi."

Alhamisi ilitokea rufaa ya kwenda Kasulu, mjamzito anavuja damu. Odilia alipanda. Dripu aliiweka kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia, gari likiruka mashimo. Sauti ilikuja, kama alivyojua itakuja. Safari hii haikutaja maharage. Ilikuwa pumzi tu, kando yake, hadi wanafika.

Mgonjwa akapokelewa akiwa hai. Dada Recho akapiga: "Rudi na gari. Kesho una zamu."

Nkunzimana, alipopigiwa na Odilia, alikuja mbio kutoka sokoni, ananuka vitunguu. "Mukunzi, posa niipeleke wapi?"

Odilia akamtazama sana. "Nkunzi, mimi bado namsikia."

"Hata mimi," alisema.

"Bukoba, kwa baba," Odilia akasema. "Na ukifika, kabla hujakaa, mwambie habari za Aline."