Kofia ya Elihu Hadlock

Asubuhi Keziah Pell alikwenda ghalani, akamkuta Elihu Hadlock nyuma ya mapipa, kichwa kimepasuka. Kofia yake pana ilikuwa imeanguka kando.

Jana mchana Spika alipoingia kula kwenye nyumba ya wageni ya Keziah, wabunge wote walivua kofia isipokuwa Elihu, Mkweka, mfuasi wa dhehebu la Kikristo linalokataa vita.

"Ya huyu imeota mizizi!" walicheka.

Leo adhuhuri, hapa Burlington, bunge lilikuwa limchague gavana. Kura zilitarajiwa kulingana, ya Elihu ikihesabiwa. Akikosekana, Kanali Thorne anashinda.

Sherifu Vroom alimfunga pingu Reuben, mume wa Keziah. "Juzi ulimwita mwoga kwa kukataa kwenda vitani."

"Nilimtukana. Sikumuua!"

"Kamalizie hayo kwa mnyongaji."

Kanali, aliyewasili jana jioni, alikuwa anakunywa kahawa karibu na moto. "Maskini. Jua likitua nilikutana naye mlangoni. Akanivulia kofia, akaniaga, akaelekea ghalani. Reuben akamfuata."

Keziah aligeuka kumtazama. Mtu huyu alilala chumba kinachopakana na cha wanawe.

"Alikuvulia kofia, Kanali?"

"Kila mtu hunivulia, mama."

Keziah alimvuta sherifu pembeni. "Anadanganya."

"Chunga mdomo," Vroom alinong'ona. "Ukikosea, adhuhuri huyu ni gavana. Atatunyonga sote."

Kengele ya bunge ikaanza kulia. Keziah alimtazama Reuben, akarudi mbele ya moto.

"Elihu alifungwa jela kwa kukataa kumvulia hakimu kofia. Wakweka hawamvulii binadamu yeyote. Ulimwona bila kofia, Kanali, kwa sababu ulimpiga ikadondoka. Ile fimbo yako ya kichwa cha fedha uliyokuja nayo iko wapi?"

Kikombe kiligonga kisahani.

Vroom alipanda ghorofani, akashuka na fimbo iliyokuwa chini ya godoro la Kanali. Kichwa cha fimbo kilikuwa na damu na nywele.

"Nilimsihi asije tu bungeni!" Kanali alifoka. "Nimepigania nchi hii miaka saba, halafu mtu asiyewahi kushika bunduki aninyime ugavana?"

Pingu zilihama kutoka kwa Reuben kwenda kwa Kanali.

Walipombeba Elihu nje, Keziah aliwasimamisha. Akaipangusa vumbi ile kofia, akamvika.